Mwaka wa Mkono wa Kushoto

Ijumaa iliyopita nilipanda ngazi za nyumba ya mama mkwe wangu, Mji Mkongwe, kwenda kumchukua mwanangu, nikamkuta kakaa mkekani na mkono wake wa kushoto umefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga. Ilham ana miaka mitatu. Mbele yake palikuwa na sahani ya wali kwa mchuzi wa samaki changu, na ule wali ulikuwa umetapakaa kila pahala, mkekani, kidevuni, mpaka nyweleni, kwa sababu mkono wa kulia wa mwanangu haujui njia ya kwendea mdomoni. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa anatazama tonge linaanguka, anaokota jengine, linaanguka. Chumba chenyewe ni kizuri, kila anayekiona hukisifu: dari ya juu yenye boriti, kitanda cha besera cha nguzo nne, madirisha mawili yanayotazama kichochoroni, harufu ya udi wa asubuhi imeshika mapazia. Ndani ya chumba kizuri kama hicho mtoto kafungwa kama mbuzi wa sadaka.

Mama mkwe alikuwa kitini karibu na dirisha, tasbihi mkononi. Akaniambia bila ya kugeuka, "Njoo ukae. Mwache amalize. Leo kajitahidi."

"Mama, nani kamfunga?"

"Mie. Kwani humu ndani kuna nani mwengine?"

"Kwa nini?"

"Ala! Ati kwa nini! Mtoto wa kike anakula kwa kushoto, wewe mama yake umekaa unamtazama. Kesho atampa mgeni kahawa kwa mkono huo huo, watukanwe wakina nani? Si sisi?" Kisha akavuta punje moja ya tasbihi, akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Hata mie nilifungwa. Nimekufa?"

Sikuwa nalijua hilo. Miaka yote niliyokaa katika ukoo huu sikulijua. Nikamtazama mikono. Wa kulia ulikuwa unahesabu, na wa kushoto ulikuwa umelala mapajani chini ya kanga, kama kitu alichopewa amtunzie mtu na mwenyewe hakurudi kukifata. Nikapiga magoti, nikafungua lile fundo, nikambeba mwanangu na wali wake nyweleni, nikashuka. Sikuaga. Mume wangu anasema nimkosee nani tena ndio nitosheke, niende nikaombe radhi, mama ni mtu mzima, na kwani ilikuwa kamba? Ilikuwa kanga tu. Anasema nalikuza jambo. Sijenda na siendi. Nimekaa jikoni naandika haya, kwa sababu katika nyumba hii hakuna anayemjua Ghanima, na mtu asiyemjua Ghanima atasema hivyo hivyo, kanga tu.

Mwaka niliomjua Ghanima nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekaa nyumbani Jang'ombe nangoja matokeo, na ya skuli yetu yalizuiliwa karibu mwaka mzima. Kungoja matokeo ni ugonjwa. Huamki kwa sababu, huli kwa sababu, kila anayepita barazani anakuuliza vipi na wewe unajibu bado. Siku moja nilikuwa natoka dukani na mafuta ya taa nikakutana na Mwalimu Raya, aliyetufundisha hesabu skuli. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenda haraka, buibui lake siku zote limefungwa upande kama mtu anayekimbilia meli.

"Thuwaiba! Unafanya nini siku hizi?"

"Nipo tu, mwalimu."

"Nipo tu ni kazi gani? Inalipwa? Kesho saa kumi njoo Mbweni, kiwanjani. Njoo na suruali ndani."

Nikaenda kwa kuogopa, maana Mwalimu Raya alikuwa bado ananitisha kama nipo darasani. Nikakuta watoto wa kike kama ishirini, wa miaka kumi, kumi na mbili, wengi wao wa kwetu Jang'ombe, wamekuja wamepakiwa kwenye kigari cha mizigo, kirikuu ya kaka yake mwalimu. Mitandio imebanwa kwa pini kidevuni, suruali za michezo chini ya magauni ya skuli. Mwalimu kashika mpira ambao mie nilikuwa sijapata kuuona kwa macho. "Huu ni raga," akasema. "Nimeucheza chuo cha ualimu, bara, na nyinyi mtaucheza hapa." Mtoto mmoja mdogo, mdomo mrefu, akauliza, "Mwalimu, mbona umekanyagwa na gari?" Wakacheka wote. Mwalimu naye akacheka. Akawaambia mpira huu umefanywa kama yai makusudi, unabebwa kwa mikono, unakimbia nao mbele, lakini ukitaka kumpa mwenzio lazima umpe aliye nyuma yako au ubavuni, mbele hairuhusiwi. Hatukuwa tukiangushana. Kila mtoto alichomeka vitambaa viwili kiunoni, na ukichomolewa kitambaa ndio umekamatwa. Mie nikapewa kazi ya mikono. Mwalimu alinifundisha kwa wiki nzima, mie peke yangu, na baadaye akaniachia watoto: jinsi ya kuushika mpira kwa vidole na si kwa viganja, jinsi ya kuonyesha mikono kabla ya kupokea, vidole vimechanuka mbele ya kifua, ili mwenzio ajue wapi pa kuuleta, na jinsi ya kuuvusha mpira mbele ya tumbo kutoka upande huu kwenda huu na kuumalizia kwa ncha za vidole. Mipira ilikuwa michache. Waliokosa walifanya mazoezi kwa chupa za maji zilizojazwa mchanga.

Sasa hapo ndipo tulipokwama, na bara sidhani kama kuna mwalimu aliyewahi kukwama hapo. Mpira ukienda kwa mtu wa kushoto kwako unausukuma kwa mkono wa kulia. Ukienda kwa mtu wa kulia kwako, unaousukuma ni mkono wa kushoto. Hesabu ndogo. Lakini hawa ni watoto wa Unguja. Tangu wanajifunza kukaa wameambiwa kitu hakitolewi kwa kushoto, na ikiwa huna budi, mkono wa kulia umeshika mtoto au umejaa unga, basi unatoa kwa kushoto na unaomba radhi. Kwa hivyo mstari ulipoanza kukimbia nikasikia kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka na machozi yananitoka: kila pasi ya kwenda kulia ilitoka na sauti yake. "Samahani kushoto!" Anayefata naye, "Samahani kushoto!" Uwanja mzima, samahani kushoto, samahani kushoto, kama kwaya. Na wenye haya zaidi hawakuthubutu hata kwa kuomba radhi. Walisimama katikati ya mbio, wakageuka mwili mzima, wakampa adui mgongo, ili mpira utoke kuliani kwa adabu, na huku nyuma vitambaa vyao vinachomolewa. Mwalimu Raya alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi na buibui lake. Kisha akainuka, akafuta macho. "Wanangu, nisikilizeni. Sahani ni sahani. Mpira ni mpira. Kushoto kwenu mtaomba radhi mezani. Hapa mpira hautaki radhi, unataka ufike."

Ghanima hakuwa kwenye ile kwaya. Alikuwa amesimama mwisho wa mstari, kwa kweli alikuwa amejificha mwisho wa mstari, mtoto mwembamba wa miaka kumi na moja, mkono wake wa kushoto kauingiza ndani ya mtandio kama mtu aliyevunjika. Nilidhani ameumia. Mama yake alikuwa amefariki, na alikuwa ameletwa kutoka Kizimkazi kwa bibi yake mdogo, Bi Riziki, jirani yetu kule Jang'ombe, ili asome mjini. Lafudhi yake ilikuwa ya kusini, wenzake wakimcheka, kwa hivyo alikuwa hasemi sana. Siku hiyo mpira ulimponyoka mwenzake ukaruka vibaya, juu, ukienda kumpiga Ghanima usoni, na ule mkono ukatoka mtandioni. Sijui niseme vipi. Ulitoka kama paka anavyotoka uvunguni. Ukaudaka mpira peke yake, mkono wa kulia ukaja kusaidia umechelewa, na kabla hatujasema kitu mtoto keshauvusha, pasi ndefu, imenyooka, inazunguka kama pia, ikampita wa karibu, ikampita wa pili, ikatua kifuani kwa mtoto wa mwisho wa upande wa kulia. Ghanima akaurudisha mkono mtandioni haraka, akainua bega moja kufunika sikio. Nilimwelewa mara moja, maana sote tumelelewa. Alikuwa anangoja kofi.

"Samahani mwalimu," akasema. "Sifanyi tena."

"Hufanyi tena?" Mwalimu Raya akamwendea. "Wewe mtoto, mie nimekaa miaka natafuta mkono huo. Fanya tena. Fanya mpaka magharibi."

Akafanya mpaka magharibi. Mwanzo alitutazama kila baada ya pasi, mie na mwalimu, kuona kama tumebadilisha mawazo. Kisha akaacha kututazama. Ulikuwa ni mwaka mzuri, nataka niliseme hili kwa wino, kwa sababu watu wakisimulia huzuni huwa wanasahau kusema kwamba kabla yake palikuwa na muhogo wa kukaanga. Kila baada ya mazoezi tulikaa pembeni ya kiwanja tukila muhogo na pilipili ya ndimu kwenye karatasi, watoto wamelowa jasho, wanagombania vipande vikavu, na Ghanima katikati yao. Wale waliokuwa wakimcheka sasa walikuwa wanakuja kumuuliza, "Hebu nionyeshe tena kidole hiki unakiweka wapi?" Naye anawaonyesha, kwa ile lafudhi yake ya kusini, bila ya haya. Akawa ananisaidia kazi. Mtoto akishindwa pasi ya kushoto mie nilimwambia nenda kwa Ghanima. Yule mdomo mrefu aliwahi kumuuliza, "Na wewe, mkono wa kulia ni wa nini kwako?" Ghanima akajibu, "Wa kukupiga wewe," wakaangukiana kwa kicheko. Nilikuwa nikimtazama nikiona mtoto anakua urefu mbele yangu, ingawa hakuwa amekua hata kidogo, ni mabega tu yalikuwa yameshuka kutoka masikioni.

Nyumbani kwa Bi Riziki nilikuwa nikiingia na kutoka. Chumba kimoja na kibaraza, na kibaraza hicho ndicho kilichowalisha: Bi Riziki alikuwa akioka mikate ya ufuta, na hapakuwa na mkate wa ufuta Jang'ombe kama wake. Alikuwa anaupiga unga kwa kiganja kilicholoweshwa maji, ukasambaa chunguni mwembamba, anaunyunyizia ufuta, kisha anakigeuza chungu kizima kikatazama makaa, na uso wa mkate unaiva kwa moto wa mbele. Mkono wake ulikuwa hauna vinyweleo kwa joto. Ndani, juu ya kitanda cha kamba, Ghanima alikuwa akiandika kazi za skuli, na nilizoea kumsikia Bi Riziki akiongea huku hamtazami, kama redio. "Kulia, Ghanima." Kalamu inaendelea. "Ghanima, nakusikia. Kalamu ya kushoto ina sauti yake. Kulia." Na mtoto anahamisha kalamu. Sikuona ukatili hapo, na hata sasa siuoni. Kila nyumba niliyoijua ilikuwa hivyo. Bi Riziki alijua tunacheza mpira Mbweni, alidhani ni mpira wa kawaida wa pete, na hakuuliza zaidi.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia tukapunguza mazoezi, tukacheza kidogo tu saa kumi na moja kwa kutembea, bila kukimbia, pasi tu. Mwalimu Raya alikuwa amepanga baada ya Idi watakuja watoto wa timu moja ya Dar es Salaam kucheza na sisi, na Ghanima ndiye angekuwa katikati ya mstari, mpira wote ukipitia kwake. Alikuwa halali kwa hamu. Lakini Ramadhani ndio msimu wa mkate wa ufuta. Saa moja kabla ya magharibi kibaraza cha Bi Riziki kilikuwa kinajaa watu mpaka njiani, kila mmoja anataka wake wa moto, na kazi ya Ghanima ilikuwa kuufunga kwenye gazeti na kuutoa. Siku moja na mie nilikuwepo, nimetumwa mkate. Bi Riziki yuko na makaa yake, kichwa chini. Watu wanasukumana. Nyuma kabisa alikuwa Mzee Haji, mzee wa kuheshimiwa mtaani, mtu wa safu ya mbele msikitini, na alikuwa na haraka. Akainua mikono yote miwili juu ya vichwa vya watu, vidole kavichanua, akapiga kelele, "Wangu mimi mmoja! Fanya hima binti, mwadhini huyo!"

Mikono miwili. Vidole vimechanuka. Imeonyeshwa. Mie niliona kabla hakijatokea, na mdomo wangu haukuwahi. Miezi yote ile tulimfundisha yule mtoto kitu kimoja, ukiona mikono imeonyeshwa, usifikiri, peleka. Akapeleka. Mkono wa kushoto ukazunguka, mkate ukavuka juu ya vichwa vya watu na gazeti lake, umenyooka, mzuri, pasi ambayo ingekuwa kiwanjani ningeipigia makofi, ukatua kifuani kwa Mzee Haji pap. Kijana mmoja akasema, "Goli!" Wawili watatu wakacheka. Mzee Haji hakucheka. Alikuwa mtu aliyefunga kutwa nzima, na mkate, riziki, umemjia hewani, kwa kushoto, kutoka kwa mtoto wa kike, mbele ya mtaa. Akapenya mpaka mbele, akauweka ule mkate pale pale kibarazani, taratibu, kwa mkono wa kulia.

"Bi Riziki," akasema. "Mie si mbwa wa kurushiwa. Tena kwa mkono wa chooni."

Akaondoka. Na waliokuwa nyuma yake, kwa haya, kwa kuogopa kuonekana wao wanakubali, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bi Riziki alibaki na chungu kimegeukia makaa mpaka mkate ukaungua, na yeye alikuwa mtu asiyeunguza. Ghanima alikuwa ameshikilia karatasi za gazeti kifuani, ananitazama mimi. Si bibi yake. Mimi.

Kesho yake hakuja Mbweni. Kesho kutwa vile vile. Nikaenda. Nilibisha hodi, nikapiga shikamoo mlangoni.

"Marahaba," akasema Bi Riziki. "Kama umefata mkate, upo. Kama umefata mtoto, hayupo."

Na mtoto alikuwa pale pale, hatua chache nyuma yake, kwenye kigoda, mkono wa kushoto umefungwa kwa utambaa mwilini, wa kulia unakanda unga. Unakanda vibaya, unga umekwama pembeni mwa bakuli. Hakuinua kichwa.

"Bi Riziki, ule ulikuwa ni mchezo. Kosa ni letu sisi, tumemzoesha. Mwalimu kamuuliza ustadhi wa chuo cha Kurani kwao, na ustadhi kasema adabu ya kulia ni ya kula na ya kutoa, mpira si sahani, na mtoto aliyezaliwa hivyo hana dhambi."

"Ustadhi nampenda. Ustadhi atakuja kukaa hapa kuniuzia mkate?"

"Lakini mkono wake ndio huo, Bi. Mungu kamuumba nao."

"Usinisomee." Akaacha alichokuwa anafanya, akafuta viganja, akanikabili kwa mara ya kwanza. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekuwa amekasirika. "Wewe una mama, Thuwaiba. Ukiharibu, watu watasema ujana huo, utapita. Huyu akiharibu watasema hana mama. Basi. Neno hilo moja na hakuna la kuongeza. Mie nshazeeka, mwanangu. Nikifa kesho atakwenda kwa nani? Atachukuliwa na atakayemuona ana adabu. Nyinyi huko Mbweni mnamwita fundi. Sawa. Mtamlea?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina kazi, sina hata matokeo. Na leo ninalo jibu? Nimelitafuta miaka yote hii. Hasira yangu si kwa Bi Riziki, ambaye alimpenda yule mtoto kwa namna pekee aliyoijua, kwa hofu. Hasira yangu ni kwa wale waliogeuka wakaondoka na hamu yao ya mkate, kila mmoja akijua moyoni kuwa ni mchezo wa mtoto, na hakupatikana hata mmoja wa kucheka na kunyosha mkono akasema nipe na mie. Mmoja tu. Angetosha. Mie mwenyewe nala kwa kulia, nampa mtu kitu kwa kulia, na mwanangu nitamfunza hivyo hivyo, polepole, kwa kumshika mkono na si kwa kumfunga. Sina ugomvi na adabu. Nina ugomvi na mtu anayetazama mtoto amefungwa na anaona amejitahidi.

Idi ikaja. Watoto wa Dar wakaja, na suti zao za michezo zinazofanana, na wetu wakacheza vizuri, hawakuomba radhi hata mara moja. Nafasi ya katikati alicheza yule mdomo mrefu, na kila mpira ulipotakiwa kwenda kulia kwa umbali ulianguka njiani. Ghanima hakuwepo hata kutazama. Siku ya pili ya Idi Bi Riziki alikuwa amemrejesha Kizimkazi kwa shangazi yake, asome huko, asaidie kazi ya mwani. Mwalimu Raya aliendelea mpaka alipohamishiwa Pemba, na alipoondoka hapakuwa na mtu wa kuwachukua watoto na kirikuu. Bi Riziki naye keshatangulia, Mungu amrehemu. Kwa hiyo nikisema hakuna anayekumbuka sitii chumvi.

Mume wangu jana kauliza tena kuhusu Ijumaa hii, kama Ilham atakwenda kwa bibi yake. Nimemwambia haendi. Akasema, "Lakini mama mwenyewe alifungwa, na mbona kakaa salama?" Nikamuuliza kama amewahi kumuona mama yake akifanya kitu chochote kwa mkono ule. Chochote. Kumkuna mgongo alipokuwa mdogo, kumpungia alipokwenda safari. Akafikiri. Kisha akavaa viatu, akatoka nje. Nitamuachia haya mezani ayasome, na kama yeye atampa mama yake ayasome, shauri yake.

Kizimkazi nilikwenda mwishoni mwa mwaka ule, kabla matokeo hayajatoka. Mwalimu Raya alinipa mpira mmoja nimpelekee. Shangazi yake alikuwa mtu wa makaribisho, alinitandikia mkeka uani, akaniletea maji ya dafu na mihogo ya kuchemsha, mwani umeanikwa kila pembe unanuka chumvi, na alimsifu mtoto mbele yake: mtulivu, msikivu, mikono yake haichoki kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Mkono wa Ghanima haukuwa umefungwa. Hilo lilinipa moyo, pumbavu mie. Nikamwita, tukatoka nyuma ya nyumba penye uwazi, nikamrushia. Akadaka kwa mikono miwili, vizuri, vidole. Nikakimbilia upande wake wa kulia, nikachanua mikono, nikamwambia, "Haya, lete!" Akasimama. Akageuka mwili mzima, akanipa mgongo nusu, akautoa mpira kwa mkono wa kulia, kwa uangalifu mkubwa, na ukaanguka kati yetu. "Samahani mwalimu," akasema, akaenda kuuokota. Nikamwambia jaribu tena, tupo wawili tu, hakuna mtu. Akajaribu. Akageuka tena. Nilikuwa nimeukazia macho ule mkono wa kushoto: ulikuwa umejibana ubavuni mwenyewe, bila fundo, bila kitambaa, bila ya mtu kuushika. Sijui tulirusha mara ngapi. Ulianguka kila mara, naye kila mara aliokota bila kukasirika, kama mtu anayemstahamilia mgeni.

Mwisho ni yeye aliyechoka kunionea huruma. Akauweka mpira chini. "Mwalimu, njoo nikuonyeshe kitu." Akachuchumaa, akausawazisha mchanga kwa kiganja, akaandika jina lake kwa kidole cha mkono wa kulia. Aliandika taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Ghanima. Chini yake akaliandika tena kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, na hakukosea hata nukta. Herufi zilikuwa zimekaa sawa, nadhifu, nzuri kuliko zangu. "Mwalimu wa skuli kanipa vema," akasema. "Kanionyesha mbele ya darasa. Bibi akija nitamuonyesha na yeye." Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akasimama mbele yangu na uso wake wote umefunguka, ananitazama machoni, anangoja nimwambie.

Nikamwambia, "Hongera, Ghanima. Nzuri sana."

Akacheka kwa furaha, akanitaka nimtajie herufi za jina langu na mie, aliandike.